Sikio la Mbwa Likianza Kunuka: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Mombasa

Bosco alianza kutikisa kichwa usiku. Ilikuwa Mei, masika yamekolea, na nyumba yetu ya Mikindani ilikuwa inanuka uvundo kila pembe: mazulia, viatu kabatini, nguo zilizokaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Nikasikia masikio yake yakipiga pata, pata, pata nje ya mlango, nikadhani ni mbu wanamsumbua. Nikalala. Siku ya tatu alikuwa anajikuna nyuma ya sikio la kushoto bila kupumzika. Siku ya kumi nilinyoosha mkono nimpapase kichwa kama kawaida, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akajificha chini ya meza. Nilipoinama na kulifunua lile sikio, harufu iliyonijia ilikuwa ya tui lililochacha.

Daktari wa mifugo aliniambia kwamba mbwa yule angefika siku ya pili, huenda wiki moja au mbili za dawa zingemtosha. Sisi tulitibu kwa wiki saba. Mwongozo huu unahusu ile siku ya pili: namna ya kuitambua ikiwa bado ni ya pili.

Kwa nini sikio la mbwa huharibika upesi

Tundu la sikio la binadamu ni fupi, kama sentimita mbili na nusu, na karibu limenyooka. La mbwa lina kona. Linaanza kwa kushuka wima kutoka juu, kisha linakunja na kuelekea ndani ya kichwa hadi kwenye kiwambo cha sikio. Lifananishe na bomba la sinki lenye kiwiko: maji, nta, mchanga, mbegu ya nyasi, vyote vikishuka vinatuama pale kwenye kona. Ukimulika kwa tochi ya simu, unachokiona ni ule mshuko wa mwanzo tu. Huko juu kunaweza kuwa safi kabisa na chini pakawa na usaha. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini pua na vidole vyako vina kazi kubwa kuliko macho.

Vijidudu vinavyohusika si wageni. Fangasi anayeitwa Malassezia pachydermatis, wa jamii ya hamira, huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima bila kumdhuru, na vivyo hivyo bakteria wengi wa jamii ya Staphylococcus. Wanangojea nafasi. Joto, unyevu na ngozi iliyochubuka vikikutana, wanazaana. Mombasa joto na unyevu havikosekani mwaka mzima, na vinazidi wakati wa masika, Aprili hadi Juni, na tena vuli ya Oktoba na Novemba. Halafu kuna bahari. Mbwa wanaopelekwa Nyali, Bamburi au Shanzu kuogelea hurudi na maji masikioni, nao huogeshwa kwa maji ya kisima, kichwa kikamwagiwa ndoo nzima, kisha wanaachwa wajikaushe wenyewe.

Mbwa wa masikio ya kuning'inia, kama Labrador na Cocker Spaniel, wako kwenye hatari zaidi kwa sababu hewa haipiti. Lakini usijipe moyo kwamba wako ana masikio ya kusimama. Bosco ni mchanganyiko, mama yake German Shepherd. Sikio la kulia limesimama kama mkuki na la kushoto limekunjika katikati. German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na aleji, na aleji ndiyo inayofungua mlango wa maradhi haya kuliko kitu kingine chochote. Maambukizi hayaanzi yenyewe tu. Kuna kilichotangulia, na tutakirudia mwishoni.

Hatua ya 1: Lijue sikio likiwa zima

Hutatambua ugonjwa kama hujui uzima unafananaje. Chagua siku moja ya wiki, ishike. Mimi ni Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, Bosco akishakula.

Kaa chini kando yake, bega kwa bega, usimkabili usoni. Mpapase shingo kwanza, kisha shavu, ndipo uende sikioni. Ile sehemu pana ya nje, inayosimama au kuning'inia, nitaiita jani la sikio. Lishike kwa vidole viwili na ulifunue taratibu kuelekea juu ya kichwa.

Anza kwa pua. Sogea karibu na tundu, unuse. Sikio zima halinuki kitu, au lina harufu hafifu ya nta, kama mshumaa usiowashwa. Nusa la kulia, nusa la kushoto, linganisha. Najua watu wanaona haya kumnusa mbwa masikio, lakini kati ya dalili zote hii ndiyo iliyo mlangoni kabisa. Mara nyingi harufu huja kabla ya usaha kuonekana.

Kisha tazama. Ngozi ya ndani huwa ya pinki nyepesi. Kwa mbwa mwenye ngozi nyeusi huwa na madoa au weusi mtupu, na hilo si ugonjwa. Nta kidogo ya manjano au kahawia hafifu haina tatizo. Unachotafuta ni tofauti: sikio moja jekundu kuliko lenzake, au leo kuliko Jumamosi iliyopita. Piga picha kwa simu siku ambayo yote mawili ni mazima, mwanga ukiwa mzuri. Picha hiyo utaishukuru mwezi wa tano ukifika.

Malizia kwa kupapasa. Chini ya tundu, karibu na pembe ya taya, utagusa kitu kama mrija wa gegedu. Huo ndio mzizi wa sikio, ule mshuko wenyewe. Ukiubonyeza kidogo kwa kidole gumba na cha shahada unapaswa kuwa laini, wa kunyumbulika, na mbwa aone raha. Akirusha kichwa, ana maumivu. Ukisikia mlio wa maji yakichezacheza ndani, kuna majimaji. Ukiukuta mgumu kama kalamu ya risasi, hapo ugonjwa ni wa muda mrefu na tundu limeanza kufunga.

Neno kwa wenzetu wanaowatunza mbwa wa waajiri wao, mabawabu na wasimamizi wa nyumba, ambao wengi hapa pwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Twahara yenu isiwe sababu ya mbwa kuachwa augue, wala mbwa asiwe sababu ya kuvunjiwa twahara. Unyevu ndio unaohamisha najisi. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu haunajisiki. Masikio yenye maradhi ni mabichi, na mbwa akitikisa kichwa matone hutawanyika mbali. Kwa hiyo mwajiri anunue glavu na aproni ya plastiki, viwekwe mahali pake, na kazi hii ipangwe saa isiyogongana na swala. Kunusa na kutazama kunawezekana bila kugusa chochote kibichi. Na kama mtu hataki kutia dawa, aheshimiwe, atafutwe mwingine. Kutoa taarifa kwamba mbwa anatikisa kichwa tangu jana tayari ni msaada mkubwa.

Hatua ya 2: Mtazame akiwa mbali

Mbwa akiamka hutikisa kichwa mara moja, mbili. Akitoka majini, vilevile. Hilo ni la kawaida. Likizidi, akatikisa akiwa ametulia, akala akasimama kutikisa, akaamka usiku kutikisa, hesabu hiyo kuwa siku ya kwanza.

Kujikuna pia kuna namna zake. Mwenye viroboto hujikuna popote: mgongoni, tumboni, kwenye shina la mkia. Mwenye sikio bovu hurudi palepale, nyuma ya sikio au chini ya taya, na mara nyingi huguna huku anajikuna, utamu na uchungu vimechanganyika. Wengine hawatumii mguu. Huburuza upande wa kichwa kwenye zulia, kwenye ukuta, au kwenye mchanga. Tazama ukuta: alama ya mafuta ya kahawia iliyo kwenye kimo cha kichwa chake inakuambia anapojisugulia.

Ziko ishara ambazo watu huziita tabia mbaya. Mbwa aliyezoea kuvishwa ukanda wa shingo anaanza kukwepa. Anatafuna upande mmoja. Anaitwa hageuki, au anageukia upande usio wa sauti. Anamngurumia mtoto aliyemkumbatia shingoni, na familia inaamua mbwa amekuwa mkali. Kabla ya kumhukumu, mchunguze masikio.

Hapa lazima niseme kuhusu kichaa cha mbwa, kwa sababu bado kipo Kenya. Mbwa asiyechanjwa ambaye amebadilika ghafla, anadondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza, anang'ata hovyo au analegea miguu, usimtie mkono kichwani kutafuta ugonjwa wa sikio. Mfungie mahali salama, ita maafisa wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya kila mwaka ndiyo inayokupa ujasiri wa kumshika mbwa mwenye maumivu.

Hatua ya 3: Usome uchafu unaotoka

Vaa glavu, zungushia pamba kwenye kidole, upanguse sehemu unayoiona tu. Usiingize kidole shimoni. Kisha itazame ile pamba mwangani.

Uchafu wa kahawia wa mafutamafuta, unaonata, wenye harufu ya kuchacha kama unga ulioumuka ukapitiliza, mara nyingi ni fangasi. Ndio Bosco alikuwa nao. Ngozi huwa nyekundu, na ikikaa muda huwa nene yenye mikunjo kama ya tembo.

Uchafu mweusi mkavu wa chembechembe, kama machicha ya kahawa tungu yanayobaki chini ya kikombe, unaelekeza kwa utitiri wa masikio. Hawa ni wadudu wadogo mno, Otodectes cynotis kwa jina la kitaalamu, na muwasho wao ni mkali kupita kiasi.

Usaha wa manjano unaashiria bakteria. Ukiwa wa kijani, mwepesi, wenye harufu kali ya kuoza, na sikio likawa na vidonda ambavyo mbwa hakubali viguswe, yaweza kuwa bakteria anayeitwa Pseudomonas aeruginosa. Huyu ni sugu kwa dawa nyingi. Usipoteze hata siku moja kujaribu chako.

Nakuomba sana usichukue orodha hii kama cheti cha ugonjwa. Rangi ni fununu. Fangasi na bakteria huweza kuwa pamoja sikio moja, na kinachoamua ni kile daktari anachokiona kwenye hadubini. Faida ya kuusoma uchafu ni kwamba utajua haraka yako iwe ya kiasi gani, na utakuwa na la kumweleza daktari.

Kupe, utitiri na nzi wetu

Kupe wa kahawia wa mbwa hupenda masikio na katikati ya vidole. Funua mikunjo midogo ya ukingo wa jani la sikio, ule mfuko mdogo ulio upande wa nje. Wadogo hujipanga humo kama mbegu za ufuta. Watoe kwa kibano, ukimshika kupe karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumzungusha wala kumkamua. Aliyezama ndani ya tundu mwachie daktari. Usitie mafuta ya taa, petroli, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya sikio. Nimewaona mbwa walioungua tundu lote kwa mafuta ya taa, na aliyeyatia alikuwa mtu anayempenda mbwa wake. Kumbuka pia kwamba kupe hawa hujificha kwenye nyufa za ukuta na banda, kwa hiyo kumsafisha mbwa peke yake hakumalizi kazi.

Utitiri una habari nyingine inayotuhusu sana, maana mji huu una paka wengi. Utitiri wa masikio huhama kutoka kwa paka kwenda kwa mbwa na kurudi, kwa kulala pamoja tu. Mbwa akikutwa nao, wanyama wote wa nyumba watibiwe kwa pamoja, hata wasiojikuna. Mzunguko wa maisha yake ni kama wiki tatu, ndiyo maana matibabu ya siku mbili hayatoshi. Na tahadhari: dawa za kupe na viroboto za mbwa zenye permethrin humuua paka. Kila mnyama na dawa yake. Vilevile, usichome ivermectin ya ng'ombe kwa kukisia. Kipimo ni kidogo mno kwa mbwa, na wapo wa jamii ya Collie ambao miili yao haiivumilii.

Nzi wang'atao hawaingii ndani. Hula ncha za masikio, hasa ya kusimama. Utaona vidonda vyenye magamba meusi ya damu iliyokauka. Hii si maambukizi ya tundu, lakini vidonda hivyo vikiachwa hutagiwa mayai na kutoka mabuu. Ondoa kinyesi uani kila siku, na uulize dawa ya kufukuza nzi iliyo salama kwa mbwa.

Sikio likifutuka

Siku moja unaweza kuamka ukakuta jani la sikio limevimba, lina joto, limefutuka kama hamri lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Ukilibonyeza, ndani ni maji. Hiyo ni damu: mbwa ametikisa kichwa kwa nguvu hadi mishipa midogo imepasuka kati ya ngozi na gegedu. Usilitoboe kwa sindano nyumbani. Damu itajaa tena, na safari hii itakuwa na vijidudu. Mpeleke kliniki, na ukumbushe kwamba uvimbe ni matokeo. Bila kutibiwa kilichomfanya atikise, utarudi. Sikio lililoachwa lipone lenyewe mara nyingi husinyaa na kujikunja kama jani kavu, tundu likazibika, na hewa ikapungua zaidi.

Dalili zisizongoja kesho

Maradhi yakivuka kiwambo yanaingia sikio la kati, na kutoka hapo sikio la ndani, ambalo ndilo linalotunza mizani ya mwili. Mpeleke siku hiyo hiyo ukiona kichwa kimelala upande mmoja na hakirudi, mbwa anazunguka mduara mmoja, anayumba au kuangukia upande ule ule, au macho yanachezacheza yenyewe kwenda na kurudi. Kadhalika nusu ya uso ikilegea, mdomo ukaning'inia, jicho likashindwa kufumba. Akilia anapofungua mdomo kula, hiyo pia ni sababu, kwa kuwa sikio la kati na kiungo cha taya ni majirani. Na ukiona damu, mabuu, au amegoma kula na mwili una joto, usisubiri.

Hatua ya 4: Ukishatambua, kabla ya kufika kliniki

Usimsafishe. Najua mkono unawasha kufanya kitu, na unaona haya kumpeleka mchafu, lakini ule uchafu ndio daktari anaoutaka chini ya hadubini. Ukimwosha asubuhi, mchana hataona kitu.

Usitie chochote. Si mafuta ya nazi, si chumvi, si siki, si spiriti, si maji ya oksijeni, wala yale matone yaliyobaki ya mtoto. Ukweli ni kwamba hujui kama kiwambo ni kizima. Kikiwa kimetoboka, dawa inamwagikia sikio la kati, na zipo dawa za kawaida kabisa, gentamicin mojawapo na dawa ya kusafishia vidonda ya chlorhexidine nyingine, zinazoweza kumwachia mbwa uziwi au kuyumba. Chupa ile ile iliyomponya mbwa wa jirani inaweza kumlemaza wako. Mimi mwenyewe siku ya nne ya Bosco nilitia matone yaliyobaki kwenye droo, yamekwisha muda. Hayakumdhuru kwa bahati tu.

Vijiti vya pamba viache kabisa. Vinausukuma uchafu hadi kwenye kona.

Unachoweza kufanya ni kumzuia asijijeruhi: kola pana ya plastiki kama ipo, kucha zikatwe ncha, na mbwa akae mahali pakavu penye hewa. Andika siku dalili ilipoanza, sikio lipi, alichokula, alikoogelea, na dawa zozote ulizotumia, hata zile unazoona aibu kuzitaja. Mzoeshe kifunika mdomo kabla ya siku ya kwenda. Mbwa mpole kuliko wote hung'ata sikio linapouma. Kwenye tuktuk mkalishe sikio zima likielekea kwako.

Hatua ya 5: Kliniki

Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Muuza dawa wa agroveti anaweza kuwa mtu mwema na mzoefu, lakini hana kifaa cha kuona kiwambo.

Daktari atamulika sikio kwa otoskopu, ambayo ina mrija wa kupita ile kona. Atachukua uchafu, aupake kwenye kioo, autie rangi na kuutazama. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayotofautisha tiba na kubahatisha. Asipoifanya, iombe kwa heshima: "Daktari, tunaweza kuuangalia huu uchafu kwenye hadubini?" Tundu likiwa limefunga kwa uvimbe au maumivu ni makali, atampa dawa ya kumtuliza au atampa tembe za kupunguza uvimbe ili aone vizuri siku nyingine. Maambukizi yakiwa yamekataa dawa kadhaa, sampuli hupelekwa maabara kuoteshwa ili ijulikane dawa gani inaua bakteria gani.

Usitoke bila majibu ya maswali manne: kiwambo ni kizima? Ameona nini kwenye kioo? Matone mangapi, mara ngapi, kwa siku ngapi? Nirudi lini kukaguliwa?

Hatua ya 6: Kutia dawa nyumbani

Muwe wawili, mmoja wa kumshika na kumsemesha. Kama daktari amekupa maji ya kusafishia, yaanze hayo. Ishike chupa mkononi ipate joto la mwili, maana maji baridi sikioni humshtua na humtia kizunguzungu. Inua jani la sikio, jaza tundu bila ncha ya chupa kugusa ngozi, kisha sugua ule mzizi kwa nusu dakika. Utasikia choko, choko, choko. Huo mlio ndio unaokuambia maji yamefika chini. Mwache atikise kichwa, na wewe ugeuze uso. Pangusa kinachotoka kwa pamba, sehemu unayoiona tu. Subiri kama dakika kumi pakauke kidogo, ndipo utie dawa kwa matone uliyoambiwa, na usugue tena.

Mpe kitu anachokipenda papo hapo. Kipande cha maini kwa kila sikio kilimfanya Bosco aje mwenyewe wiki ya pili.

Baada ya siku tatu nne mbwa huacha kujikuna na harufu hupungua. Hapo ndipo wengi tunaacha. Kilichoisha ni muwasho; vijidudu vilivyo kwenye kona bado vipo, na vile vilivyobaki ndivyo vigumu kufa. Maliza siku zote, hata zikiwa 14, na urudi kukaguliwa hata kama unaona kapona. Dawa iweke mbali na jua na dirisha, na ikiisha kazi yake itupwe.

Sikio likiwa zima halihitaji kuoshwa kila wiki. Kuliosha mno huchubua ngozi. Lioshe kwa maji ya kusafishia masikio ya mbwa pale linapokusanya nta, au baada ya kuogelea, kisha likaushe. Ukimwogesha, usimwage maji kichwani. Pangusa kichwa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa.

Linaporudi tena na tena

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na wafugaji wengi hulisema hili juu ya mbwa wao wakakata tamaa. Lakini sikio la mbwa linalokataa dawa kwa kawaida lina sababu ambayo haijaguswa. Umetibu fangasi mara nne. Aliyewafungulia mlango ni nani?

Masikio yote mawili yakiugua pamoja, na mbwa akawa analamba nyayo, ana wekundu kwapani na kinenani, fikiria aleji. Yakizidi msimu fulani, huenda ni chavua, ukungu au vumbi. Yakiwa mwaka mzima, chakula ni mshukiwa pia. Sikio moja pekee, ghafla, baada ya kutembea kwenye majani marefu, ni la kutafuta mbegu ya nyasi. Mbwa mzima kiumri ambaye ameanza kunenepa, manyoya yakapungua na akawa mzito, apimwe tezi ya shingo.

Kipimo cha aleji ya chakula hufanyika jikoni. Kwa angalau wiki nane mbwa anakula aina moja ya nyama ambayo hajawahi kuila na aina moja ya wanga, basi. Hakuna vichwa vya samaki, hakuna dagaa, hakuna mkate wa watoto, hakuna mfupa wa jirani. Hali ikiwa nzuri, unamrudishia chakula cha zamani. Dalili zikirudi, umempata mwizi. Fanya hivi ukishauriana na daktari, maana mbwa akila hivyo muda mrefu bila mpango hukosa virutubisho.

Bosco tulimwekea nyama ya mbuzi na viazi vitamu. Kazi ngumu ilikuwa watoto wa jirani, waliozoea kumrushia mifupa ya kuku juu ya ukuta kila jioni. Ilibidi niende kuwaeleza, na mkubwa wao akawa ndiye askari wa kuwazuia wengine. Wiki ya tisa nilimpa kuku. Siku ya tatu akaanza kutikisa kichwa.

Hali kuku tena. Sikio la kushoto, lile lililokunjika, limebaki na ugumu kidogo kwenye mzizi ambao daktari anasema hautaondoka. Kila Jumamosi naanza na hilo.